Simoni wa Kirene na Wapagazi wa Kongo: Nani Aliyelipia Magari ya Vita, 1940–1945?

Tarehe 4 Septemba 1944, kikosi cha askari wa Ubelgiji kiliingia katika mji wa Bruxelles, siku moja baada ya jeshi la Uingereza kuwafukuza humo Wajerumani. Kikosi hicho kiliitwa Brigedi ya Piron, kwa jina la kamanda wake, Jean-Baptiste Piron. Kilikuwa na askari wapatao 2,200, pamoja na mizinga na kundi la magari ya deraya, yaani magari ya vita yaliyovikwa mabamba ya chuma. Mwezi uliotangulia kilikuwa kimeshuka katika pwani ya Normandie, huko Ufaransa, kikapigana hadi kufika nyumbani. Wananchi walijaa barabarani kuwapokea watoto wao. Miaka minne ya kutawaliwa na Wanazi ilikuwa imekwisha, na furaha ya siku ile ilikuwa ya haki.

Lakini katika furaha ile palikuwa na watu ambao hawakuonekana. Magari yale yalitembea juu ya mipira. Risasi zake zilikuwa na shaba. Askari wale walikula, wakavaa, wakalipwa mishahara. Nani aliyelipia? Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa adui tangu mwezi Mei 1940, na serikali yake ilikuwa uhamishoni London. Baada ya vita, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Robert Godding, alilijibu swali hilo bila kificho. Alikiri kwamba Kongo ndiyo iliyogharimia serikali ile ya London, ofisi zake za ubalozi, na majeshi yake ya Ulaya na ya Afrika, jumla ya paundi milioni 40 hivi. Kwa sababu ya Kongo, alisema, serikali haikulazimika kukopa, na akiba ya dhahabu ya Ubelgiji ilibaki salama.

Basi, nyuma ya kila gari la deraya lililopita Bruxelles siku ile, palikuwa na mwanamke wa Basoko mwenye kikapu cha chikichi, mchimbaji wa Katanga, na mwanamume wa msitu wa Tshopo aliyekuwa akitafuta utomvu wa mpira mbali na nyumba yake. Tafakari yetu ya leo inawahusu hao. Tutauliza walifanya nini, walifanya kwa namna gani, na sisi wajukuu wao tunapaswa kuwakumbuka vipi.

Koloni bila mji mkuu

Tarehe 10 Mei 1940 Ujerumani iliivamia Ubelgiji. Baada ya siku 18, Mfalme Leopold wa Tatu alisalimu amri. Kongo ikajikuta ni koloni ambalo nchi mtawala wake imetekwa. Huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, gavana mkuu Pierre Ryckmans aliamua kwamba Kongo ingeendelea na vita upande wa Uingereza na washirika wake. Uamuzi huo, ukiupima kwa matunda yake, ulikuwa mwema: utawala wa Hitler ulijengwa juu ya fundisho kwamba baadhi ya binadamu si binadamu kamili, na fundisho hilo lilistahili kupingwa.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Hakuna Mkongo aliyeulizwa. Hakuna baraza la wenyeji lililoketi kupiga kura. Tunaposema leo kwamba Kongo ilikuwa upande wa washirika, tukumbuke kwamba taifa mshirika huamua lenyewe, na Kongo ya wakati ule haikuruhusiwa kuamua. Ilihesabiwa katika mali za washirika, haikuhesabiwa katika sauti zao.

Methali ya wahenga husema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Katika vita hivi nyasi ziliumia, na juu ya hayo zikaamriwa kuwalisha tembo.

Kisangani, mji uliopo mwisho wa meli

Ninyi mnaoishi Kisangani mnajua kwa nini mji huu ulijengwa hapa. Maporomoko ya Boyoma, wanapotega samaki ndugu zetu Wagenia, huzuia meli kupanda zaidi. Meli iliyotoka Kinshasa husafiri zaidi ya kilomita 1,700 juu ya mto Kongo, na hapa hulazimika kushusha mizigo. Zamani zile mji uliitwa Stanleyville, na jina hilo lilidumu hadi mwaka 1966.

Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940, njia ya bahari ya Mediterania ikawa ya hatari. Jeshi la Uingereza lililokuwa Misri lilihitaji njia nyingine za kupata vifaa. Meli nyingi zilizunguka kusini kabisa mwa Afrika. Lakini palitafutwa pia njia ya kukata katikati ya bara, na njia hiyo ilipita katika nchi yetu. Mizigo ilishushwa bandarini Matadi, ikapandishwa garimoshi hadi Léopoldville, kisha ikapakiwa katika meli za mtoni. Mingine iliingia mto Itimbiri hadi Aketi. Pale ilichukuliwa na reli nyembamba ya Vicicongo iliyopita Buta na Paulis, ambayo leo ni Isiro, mpaka Mungbere. Kutoka huko malori yaliibeba hadi Juba, kwenye mto Nile, nayo ikateremka kuelekea Khartoum na Misri.

Tazameni ramani, mtaona kwamba majina hayo yote ni ya jirani zetu. Kila gunia na kila pipa lililopita njia ile liliguswa na mikono: mikono ya mabaharia wa mtoni, ya wapakuzi, ya wakata kuni, ya madereva, ya wanavijiji walioamriwa na machifu wao kufyeka majani na kuziba mashimo ya barabara kila mvua ziliponyesha. Barabara ya udongo katika msitu wa ikweta haikubali kutelekezwa hata msimu mmoja.

Saio, mwaka 1941

Njia hiyo ya kaskazini-mashariki ilipitisha pia watu. Mwanzoni mwa mwaka 1941, askari wa Force Publique, jeshi la koloni, walipelekwa kupitia Sudan hadi Uhabeshi ya magharibi kupigana na Waitalia. Mwezi Machi waliiteka Asosa, kisha Gambela. Wakapanda nyanda za juu hadi karibu na Saio, mji unaoitwa leo Dembidolo. Tarehe 3 Julai 1941 jenerali Pietro Gazzera alisalimu amri mbele ya kamanda Auguste Gilliaert. Majenerali tisa wa Italia walikamatwa pamoja na maelfu ya askari wao.

Habari ya Saio husimuliwa mara nyingi kwa fahari, na fahari hiyo ina msingi. Jeshi lile halikuwa na vifaru. Lilikuwa na bunduki, mizinga michache, na miguu. Pale malori yaliposhindwa na matope, wapagazi walibeba vichwani unga, risasi na majeruhi. Katika kampeni ile walikufa Wakongo na Wabelgiji wapatao 500, na sehemu kubwa yao haikuuawa na risasi bali na maradhi: kuhara damu, homa, uchovu na chakula duni. Wengi wa hao walikuwa wapagazi. Mtu ambaye hakupewa bunduki alikufa kwa ajili ya vita kama yule aliyepewa, na mara nyingi kwa uchungu mrefu zaidi.

Baadaye maelfu ya askari wetu walipelekwa Nigeria, kisha Misri na Palestina. Hospitali ya vita ya Wakongo iliwafuata Waingereza hadi Madagaska na Burma. Huko Burma mwaka 1944, wauguzi wa Kongo waliwahudumia majeruhi wa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Kiswahili tunachosalia leo parokiani kilikuwa lugha ya jeshi lile katika misitu ya Asia.

Na hapa kuna jambo linalotugusa kwa karibu. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939, miezi minne baada ya vita kuanza Ulaya. Baba yake, Amisi, alikuwa askari, na vita vilimfikisha Palestina. Wanaosimulia maisha ya mwenyeheri husema kwamba alipopaona mahali patakatifu aliandika nyumbani kumhimiza mkewe ajifunze dini. Mama na watoto walibatizwa mwaka 1943. Hatuwezi kusema kwamba vita ni njema kwa kuwa neema ilipita ndani yake. Tunaweza kusema tu kwamba Mungu hakuwaacha watu wake hata pale wakubwa wa dunia walipowatumia kama vyombo.

Mpira

Mwezi Februari 1942 Wajapani waliiteka Singapore. Kwa pigo hilo washirika walipoteza mashamba ya mpira ya Asia, ambayo ndiyo yaliyoilisha dunia. Nanyi fikirini maana yake. Gari la deraya halitembei bila tairi. Hata kifaru, kinachotembea juu ya minyororo ya chuma, kina magurudumu yaliyovikwa mpira. Ilikadiriwa kwamba kifaru kimoja cha Marekani cha aina ya Sherman kilihitaji karibu nusu tani ya mpira. Bila mpira hakuna jeshi la magari, na bila jeshi la magari Hitler asingeshindwa.

Kongo ikaamriwa kuzalisha. Mashamba ya miti ya mpira yalikuwapo, na huko Yangambi, magharibi mwa Kisangani, palikuwa na kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo. Lakini miti iliyopandwa huchukua miaka kukua, na vita haikusubiri. Kwa hiyo watu walirudishwa msituni kutafuta mpira wa porini, ule mmea unaotambaa juu ya miti mikubwa. Mwaka 1939 Kongo ilizalisha tani 1,142 za mpira. Mwaka 1944 ilizalisha tani 11,337.

Someni takwimu hizo polepole. Ongezeko la mara kumi katika miaka mitano halikuletwa na mashine. Lililetwa na amri. Kabla ya vita, sheria ilimtaka mwanakijiji afanye kazi ya lazima siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942 siku hizo ziliongezwa zikawa 120. Ni theluthi moja ya mwaka. Aliyeshindwa alitozwa faini au alifungwa, na fimbo gerezani ilikuwa bado halali. Mwanamume akiwa msituni akitafuta mpira, nani aliyelima? Mke wake alilima mihogo ya familia, na mpunga au pamba iliyodaiwa na serikali, akavunja chikichi kwa ajili ya mafuta ya mawese. Kufikia mwaka 1942 shaba yote ya Kongo, almasi zake za viwandani na mafuta yake ya mawese yalikuwa yakipelekwa Uingereza.

Kwa wazee wa mkoa wetu amri hiyo ilikuwa na sauti ya jinamizi la zamani. Mwanamume wa miaka 50 mwaka 1942 alikuwa ameuona kwa macho yake ya utotoni utawala wa Mfalme Leopold wa Pili, ulioisha mwaka 1908, wakati mpira ulipodaiwa kwa bunduki na vijiji vikachomwa. Sasa alisikia tena neno lile lile, kutoka kwa dola ile ile aliyoiita Bula Matari. Safari hii aliambiwa kwamba ni kwa ajili ya uhuru. Uhuru wa nani? Swali hilo hakuruhusiwa kuliuliza.

Waliouliza

Wengine waliuliza, nao walilipa gharama. Mwezi Desemba 1941, wafanyakazi wa migodi huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, waligoma wakidai mshahara unaolingana na bei za vita. Askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa miguu, na makumi ya watu wakafa. Mwezi Februari 1944 askari waliasi huko Luluabourg. Mwaka huo huo, katika maeneo ya Masisi na Lubutu, uasi ulizuka miongoni mwa Wakumu, majirani zetu wa karibu kabisa, chini ya mtu aliyeitwa Bushiri. Ulichochewa na mahubiri ya Kitawala, lakini kuni za moto ule zilikuwa uchovu wa mpira na kazi za shuruti. Ulizimwa kwa nguvu.

Palikuwapo pia sauti miongoni mwa Wazungu wenyewe. Mwaka 1945 mwanasheria Antoine Rubbens alitoa huko Élisabethville kitabu cha makala za watu mbalimbali. Jina lake kwa Kifaransa ni Dettes de guerre, yaani Madeni ya Vita. Hoja ya jina hilo ni wazi: Wakongo walikuwa wameikopesha dunia jasho lao, na deni linapaswa kulipwa. Hata gavana Ryckmans, alipokuwa akiondoka mwaka 1946, alikiri hadharani kwamba watu wa vijijini walikuwa katika hali duni, na kwamba siku za ukoloni zimepita.

Na ilikuwa katika miaka hiyo, mwaka 1944, kijana mmoja wa miaka 19 alipofika Stanleyville, baada ya kufanya kazi kwa muda katika kampuni ya machimbo ya bati huko Kalima, Maniema. Alipata kazi ya ukarani katika posta. Jina lake lilikuwa Patrice Lumumba. Alikulia katika nchi iliyoambiwa kwamba inapigania uhuru wa mataifa. Haishangazi kwamba yeye na wenzake walilishika neno hilo wakalirudisha kwa wenyewe.

Njia tatu za kukumbuka vibaya

Wapendwa vijana, historia hii inaweza kukumbukwa vibaya kwa namna tatu.

Ya kwanza ni kusahau. Ndiyo njia rahisi, nasi tumeipita miaka mingi. Tunajua majina ya majenerali, hatujui jina hata moja la mpagazi.

Ya pili ni kujigamba. Husemwa kwamba bila Kongo washirika wasingeshinda, kisha tunapiga makofi, kana kwamba babu zetu walitoa kwa hiari kama mtu anayetoa sadaka kanisani. Kufanya hivyo ni kuifunika fimbo kwa kitambaa cha sherehe. Kitu kilichochukuliwa kwa shuruti hakiwi zawadi kwa sababu kilitumika vizuri. Kanisa limetufundisha daima kwamba kusudi jema halihalalishi njia mbaya. Vita dhidi ya Hitler ilikuwa na kusudi la haki. Kumfunga baba wa watoto kwa kuwa hakufikisha kilo za mpira kulikuwa dhuluma. Kauli hizo mbili ni za kweli kwa pamoja, na Mkristo mkomavu hujifunza kuzishika zote mbili bila kuitupa mojawapo.

Ya tatu ni kulalamika tu, kana kwamba watu wale walikuwa mawe yaliyosukumwa. Hawakuwa mawe. Muuguzi aliyemfunga majeruhi kidonda huko Burma alifanya kazi ya huruma iliyo yake mwenyewe. Dereva aliyefikisha lori lake Juba alikuwa fundi. Mama aliyewalisha watoto wanne huku akidaiwa pamba alikuwa shujaa, ingawa hakuna aliyempa nishani. Kuwaita wahanga tu ni kuwanyang'anya mara ya pili.

Mtu wa Kirene

Ni nani basi atakayetufundisha kukumbuka vizuri? Katika Njia ya Msalaba, kituo cha tano, tunamkuta Mwafrika. Simoni alikuwa mtu wa Kirene, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa leo Libya. Alikuwa akitoka shambani. Askari wa dola iliyotawala walimkamata, wakamlazimisha kuubeba msalaba wa mtu mwingine. Hakuulizwa. Hakujitolea. Mwinjili Marko hafichi jambo hilo.

Eneo la Kirene ndilo lile lile ambalo vifaru vya Waingereza, Wajerumani na Waitalia vilipita na kurudi kati ya miaka 1940 na 1942, vikiacha vyuma vilivyoungua mchangani. Na jeshi lililopigana huko ndilo lililotazamia mizigo iliyopita Matadi, Aketi na Juba. Karne 19 zimepita kati ya Simoni na wapagazi wetu, lakini askari bado anamnyooshea kidole mtu atokaye shambani na kumwambia: beba.

Angalieni jinsi Injili inavyomtendea Simoni. Haisemi uongo kwamba alifurahi. Haimwachi pia awe mtu asiyejulikana katika umati. Inataja jina lake, inataja mji wake, na Marko anataja hata watoto wake, Aleksanda na Rufo. Kwa hiyo jumuiya ya kwanza ya Wakristo ilijua aliyebeba ni nani, ni mwana wa wapi, na kizazi chake ni kipi. Ukweli juu ya shuruti, na heshima kwa mtu: hayo mawili yanakwenda pamoja. Ndivyo tunavyopaswa kuwakumbuka wa kwetu.

Kazi yetu

Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1944 leo anakaribia miaka mia, na wa namna hiyo ni wachache mno. Lakini watoto wao wapo. Wamo katika jumuiya zetu hai za msingi, wanaketi benchi za mbele Jumapili, na wengi wanasubiri tu mtu wa kuwauliza. Babu yako alikwenda wapi wakati wa vita? Aliporudi alisimulia nini? Bibi yako alilima nini, na nani alikuja kuchukua? Kijana mwenye simu anaweza kurekodi majibu hayo. Mwenye daftari anaweza kuandika majina. Vitabu vya ubatizo vya parokia zetu za zamani vina majina ya baba na mama wa miaka ile, na paroko anaweza kuwaongoza katika kuvisoma kwa adabu.

Kazi hiyo si ya mambo ya kale tu. Hata leo dunia inahitaji vitu vya ardhi yetu. Kobalti ya Kongo imo katika betri za magari na simu za nchi za mbali, na wapo watoto wanaochimba ili wengine wasafiri kwa raha. Wapo watu watakaotuambia tena kwamba ni kwa ajili ya jambo jema, kwamba hewa ya dunia itakuwa safi. Huenda ni kweli. Nasi tutauliza swali ambalo mtu wa mwaka 1942 hakuruhusiwa kuliuliza: anayebeba ameulizwa? Analipwa haki yake? Jina lake linajulikana?

Kisangani inajua gharama ya vita vya watu wengine. Wazazi wenu wanaikumbuka Juni 2000, siku sita ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga katikati ya mji wetu, na wafu wakazikwa pale pale walipoangukia. Mji kama huu una haki ya kuwafundisha wengine kwamba nyuma ya kila mashine ya vita kuna binadamu wawili wasioonekana: yule inayemwangukia, na yule aliyeamriwa kuilisha.

Simoni aliubeba mzigo hadi mwisho wa njia, akarudi nyumbani, na watoto wake wakajulikana kwa jina lake. Wapagazi wa Saio, watafuta mpira wa Tshopo na wanawake wa chikichi nao wana watoto. Watoto hao ni sisi. Basi na tujulikane kwa majina yao.

Maswali ya kutafakari kikundini

1. Katika familia yako, nani aliishi miaka ya 1940 hadi 1945? Unajua jina lake kamili, kijiji chake na kazi aliyoifanya? Ukikosa kujua, nani anaweza kukuambia kabla hajaondoka duniani?

2. Kuna tofauti gani kati ya sadaka na tozo? Katika kikundi chetu, tunapochangishana kwa ajili ya jambo jema, je, tunamwachia mwenzetu uhuru wa kutoa?

3. Simoni wa Kirene alianza kwa kulazimishwa. Je, mtu anaweza kupata heshima katika kazi ambayo hakuichagua? Na je, heshima hiyo inamwondolea hatia aliyemlazimisha?